Kitanda, Bumu na Zahanati: Nani Anaamua Afya ya Chuo?

Mwaka wa masomo unapofunguliwa, kazi ya kwanza ya mwanafunzi mgeni katika vyuo vikuu vyetu ni kutafuta pa kulala. Vitanda havitoshi. Orodha ya waliopangiwa vyumba ikishatoka, waliokosa huanza kuwatafuta ndugu, watu wa kwao na waliosoma nao sekondari. Anayekubali kumpokea mwenzake anambeba: wanalala wawili kwenye godoro la mtu mmoja, na chumba cha wanne kinakuwa cha saba au wanane. Iwe Dar es Salaam, Nairobi au Eldoret, mambo ni hayo hayo. Kila utawala unajua, kila kanuni ya bweni inakataza, na kila muhula kubebana kunaendelea kwa sababu mbadala wake ni kijana wa miaka 19 kulala kusikojulikana.

Wiki chache baadaye mmoja wa waliobebwa ataingia zahanati ya chuo akijikuna. Atapewa dawa ya ngozi. Mwingine atakuja na kikohozi, wa tatu na UTI, wa nne atasema hapati usingizi. Kila mmoja atatibiwa kivyake, na ni nadra mtu kuwauliza wanalala wangapi chumbani, kama choo chao kina maji, au jana walikula nini. Majibu wanayo wanafunzi. Uwezo wa kuyafanyia kazi uko kwa utawala. Kwa maoni yangu, mjadala mzima wa afya ya vyuo unahusu umbali uliopo kati ya pande hizo mbili, na namna ya kuupunguza.

Umbali huo una historia. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 13 wa sheria, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Kwa idadi hiyo mkuu wa chuo angeweza kumjua kila mwanafunzi kwa jina na kujua nani anaumwa. Muongo mmoja baadaye, Julai 1971, rais wa wanafunzi wa chuo hicho, kinachoitwa pia Mlimani, Mkenya Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilalamikia maamuzi kufanywa bila wanafunzi kushirikishwa. Akaondolewa chuoni na polisi wenye silaha, na wenzake wakagoma kuingia madarasani. Leo wanafunzi wana viti katika vikao vya juu vya vyuo vya umma, na serikali zao zina mawaziri, wakiwemo wa mikopo, wa elimu na wa afya. Kwa muundo, tumefika mbali. Lakini ukiangalia waziri wa afya wa wanafunzi anafanya nini mwaka mzima, mara nyingi utamkuta anaandaa bonanza la michezo, siku ya kuchangia damu na siku ya usafi. Ni kazi njema zote. Hakuna hata moja inayogusa bajeti ya maji ya mabweni.

Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya ushirikiano wetu. Mwanafunzi anashirikishwa kama mikono. Anaitwa kubeba bango, kugawa kondomu, kupanga viti vya mgeni rasmi, kuhamasisha wenzake wajitokeze. Taarifa aliyonayo haiitwi popote. Na hii si kwa sababu watawala wote ni watu wabaya. Wengi wao walilala katika mabweni hayo hayo na wanaumia wanapoona yalivyo sasa. Ni kwamba njia pekee waliyoirithi ya kumsikia mwanafunzi ni ya malalamiko, na malalamiko katika vyuo vyetu yamezoeleka kuwa hatua ya kwanza ya mgomo. Kwa hiyo habari ya choo kilichoziba inapokelewa kama habari ya usalama.

Tusizidharau kampeni, maana zimeokoa maisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, UKIMWI ulipokuwa unawamaliza vijana wa rika la vyuo, utawala peke yake usingeweza kuzungumza na wanafunzi kuhusu mapenzi wakausikiliza. Nchini Kenya shirika la I Choose Life lilianza mwaka 2002 likifanya kazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, likiwafundisha wawe waelimishaji rika. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: mpango wa HEAIDS, ambao sasa unaitwa Higher Health, uliunganisha vyuo vikuu vyote 26 vya umma na vyuo 50 vya ufundi, ukapeleka upimaji wa VVU katika viwanja vya vyuo vyenyewe, kisha ukaongeza kifua kikuu, uzazi wa mpango na afya ya akili. Sababu ya mpango huo kudumu ni kwamba ulijengwa ndani ya mfumo wa elimu ya juu, wizara na wakuu wa vyuo wakiwemo, wala haukuachwa utegemee ari ya klabu ya wanafunzi ambayo mwenyekiti wake atahitimu Novemba.

Utafiti kuhusu elimu rika unatoa fundisho lisilozungumzwa sana. Mapitio ya tafiti nyingi katika nchi zinazoendelea yameonyesha kwamba inaongeza maarifa na inasaidia kwa kiasi fulani matumizi ya kondomu, lakini athari yake kwa maambukizi yenyewe haijathibitika kwa nguvu ile ile. Sishangai. Msichana anaweza kujua yote yanayopaswa kujulikana na bado akashindwa kumkatalia mtu anayemlipia kodi ya chumba. Maarifa yake hayana upungufu. Upungufu uko kwenye kitanda na pesa ya kula, mambo ambayo mwelimishaji rika hana mamlaka nayo.

Kwa hiyo tuzungumze kuhusu pesa ya kula, maana hapa ndipo afya ya mwanafunzi inapoamuliwa kila siku. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa chuo cha umma, Kenya na Tanzania, alilishwa. Miaka ya 1990 ilipoingia, Kenya ikaleta utaratibu wa kulipa kadiri unavyokula, na Tanzania ikaanza sera ya kuchangia gharama. Bodi ya Mikopo ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Fedha ya chakula na malazi inayotolewa kwa mkopeshwaji, yaani bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Toa kodi kwa yule asiyepata bweni, toa nauli ya daladala, vocha, kurudufu kitini. Kinachobaki ndicho sahani. Wengi hutuma sehemu ya fedha hiyo nyumbani, kwa mama au kwa mdogo anayesoma. Na kuna wenzao wasio na mkopo kabisa, wanaokula kwa huruma ya mwenye mkopo.

Bumu linatoka kwa awamu, kwa mkupuo wa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza ni chipsi kuku. Wiki za mwisho ni pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, unaopigwa saa tisa alasiri ili ushike mpaka kesho. Nimesikia watu wazima wakisema vijana wajifunze tu kupanga matumizi. Ni kweli kwa kiasi, na serikali ya wanafunzi inaweza kufundisha hilo vizuri kuliko mhadhiri yeyote. Lakini pasi ndefu mara nyingi huanza ofisini. Mwanafunzi anayeendelea na masomo hawezi kulipwa mpaka chuo kipeleke matokeo yake Bodi kuthibitisha kwamba amefaulu na anaendelea. Idara moja ikichelewa kusahihisha, ofisi ya mitihani ikachelewa kukusanya, wanafunzi wa kozi nzima watachelewa kusaini ili kupokea bumu. Mhadhiri anayekaa na karatasi za mitihani hajui kwamba anaamua nani atakula. Kalenda ya kupeleka matokeo, katika vyuo vyetu, ni suala la lishe. Hapa ushirikiano ungekuwa jambo rahisi la kiutendaji: tarehe ya kila idara kupeleka matokeo ibandikwe, waziri wa mikopo wa wanafunzi awe na nakala, na kila Ijumaa akae na afisa mikopo wa chuo kuona nani amekwama na kwa nini. Halihitaji mfadhili.

Kantini nazo ziko mikononi mwa utawala. Zinaendeshwa na wazabuni, na mkataba unasainiwa na watu wasiokula pale. Taratibu za ununuzi zina masharti yake, na sisemi mwanafunzi akae meza ya zabuni. Ila vigezo vya mkataba vinaweza kuandikwa baada ya kuwasikiliza: kikomo cha bei ya wali maharage, mboga za majani na tunda kila siku, maji ya kunawa yenye sabuni, ukaguzi wa jiko unaofanywa na afisa afya akiwa na wanafunzi wawili, na matokeo yabandikwe mlangoni. Mama lishe walio nje ya geti wasifukuzwe kila mgeni mkubwa anapokuja, kisha wakarudi kimyakimya wiki inayofuata. Wao ndio wanaolisha chuo. Wapewe bomba la maji, sehemu ya kutupa taka na kipimo cha afya, kisha wadaiwe usafi.

Zahanati ina matatizo yake, na mengi ni ya kuaminiana. Bima ya mwanafunzi katika mfuko wa NHIF wa Tanzania kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, kiasi ambacho wengi wanakilipa pamoja na ada. Tatizo linaanza pale taarifa zinapochelewa kufika kwenye mfuko, mwanafunzi akaumwa akiwa amelipa na hana kadi. Zaidi ya hapo kuna siri. Dirisha la dawa lililo mbele ya benchi la wagonjwa, ambapo jina la ugonjwa linatajwa kwa sauti, linawafukuza watu kuliko bei. Kijana atakwenda duka la dawa mtaani, atanunua nusu dozi ya amoksilini kwa kitu alichoambiwa na rafiki kuwa ni UTI. Msichana atanunua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mwezi huu na mwezi ujao bila kuongea na muuguzi hata mara moja. Usugu wa dawa tunaoulalamikia kitaifa unalelewa pia hapo. Wanafunzi ndio wanaoweza kumwambia daktari mkuu kwamba benchi lihamishwe, kwamba zahanati inayofungwa saa kumi jioni inafungwa wakati vipindi vinaisha, kwamba nesi fulani anapendwa na watu wanasubiri zamu yake. Mabadiliko ya namna hiyo yanagharimu kidogo sana, na yanakosekana kwa sababu hakuna siku iliyopangwa ya kuyasema.

Afya ya akili ndiyo eneo ambalo vyuo vimechelewa zaidi, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani mwaka 2021. Huo ndio umri wa chuo. Tanzania kanuni ya adhabu bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba. Fikiria mwanafunzi aliyeokolewa na wenzake usiku: wenzake wanaogopa kumpeleka hospitali, maana huenda polisi wakaitwa. Sheria ya nchi chuo hakiwezi kuifuta. Kinaweza, hata hivyo, kuandika utaratibu unaosema nani anapigiwa simu, kwamba wa kwanza kufika ni muuguzi na mnasihi badala ya mlinzi, na kwamba kitanda cha mwanafunzi huyo, mkopo wake na nafasi yake ya masomo havitaguswa.

Wanasihi ni wachache, na wengine ni wahadhiri wenye mzigo kamili wa kufundisha. Mwanafunzi wa idara ile ile hawezi kumweleza matatizo yake mtu atakayemsahihishia mtihani. Ndiyo maana kinachofanyika Kenya kupitia Taasisi ya Shamiri kinanivutia. Jaribio lao la wanafunzi 413 wa sekondari, lililochapishwa mwaka 2021, lilitumia vijana waliomaliza shule karibuni, wasio wataalamu, waliofundishwa kwa muda mfupi kuendesha vikao vya makundi kwa wiki nne. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata vikao hivyo kuliko kwa kundi la kulinganisha. Somo lake kwa vyuo ni kwamba rika linaweza kufanya kazi halisi ya tiba ya awali, ilimradi kuna mafunzo, kuna mtaalamu anayesimamia, na kuna mahali pa kumpeleka aliyezidiwa. Ukimpa mwanafunzi wa mwaka wa pili fulana iliyoandikwa balozi wa afya ya akili na kumwacha na siri nzito za wenzake, umemwongeza yeye kwenye orodha ya wagonjwa.

Na kuna yale yanayosababishwa na chuo chenyewe. Mitihani mitano kwa siku nne, sheria ya kudisko, yaani kuondolewa masomoni, inayosomwa mara ya kwanza siku ya kubandikwa matokeo, utaratibu wa kuahirisha mwaka kwa ugonjwa unaohitaji saini za ofisi ambazo mgonjwa hana nguvu ya kuzizungukia. Seneti ikikaa kupanga ratiba ya mitihani, mwakilishi wa wanafunzi aliye mle ndani asikae kimya akisubiri ajenda ya ada. Hiyo ratiba ni ajenda ya afya.

Kuhusu rushwa ya ngono nitasema kwa ufupi, kwa kuwa msimamo wake hauna pande mbili. Tanzania imeitaja kuwa kosa katika sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, ilichunguza tatizo hilo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma na kutoa ripoti mwaka 2020, na mwaka 2021 serikali ikazindua mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika taasisi za elimu ya juu na ya kati. Dawati linafaa kama msichana anaweza kulifikia bila kupita mlango wa mkuu wa idara anayemlalamikia, na kama wanafunzi wamo ndani yake kwa jina, kwa mafunzo na kwa kinga ya kisheria. Pasipo hayo limebaki meza yenye kibao.

Utawala nao una hoja zake, na inabidi zisikilizwe. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa Aprili 2017, zilijengwa kwa takriban shilingi bilioni 10 na kubeba wanafunzi 3,840. Hakuna makamu mkuu wa chuo anayeweza kuamua jambo la ukubwa huo kwa bajeti yake ya ndani. Idadi ya wanaodahiliwa inasukumwa na sera za nchi. Hoja nzito zaidi ni hii: viongozi wa wanafunzi hubadilika kila mwaka. Unakaa na kamati, mnaelewana kuhusu maji na taa, uchaguzi unafika, wanaingia wapya wenye ahadi zao, na faili la wa zamani limeondoka na kompyuta ya mtu. Wanaosema hivi hawasingizii. Wengine wameshuhudia pia uongozi wa wanafunzi ukitumika kama ngazi ya siasa, ambapo kumtukana mkuu wa chuo kunalipa kuliko kukaa naye.

Dawa ya hilo ni kuipa kamati ya afya maisha marefu kuliko kiongozi yeyote. Iwe na katibu ambaye ni mtumishi wa chuo, daftari lisilotoka ofisini, wajumbe wa wanafunzi wanaoingia kwa miaka miwili kwa kupishana ili daima abakie anayejua jana palisemwa nini, na fungu lake la fedha hata kama ni dogo. Chama cha wanafunzi wa udaktari na uuguzi, pale kilipo, kiwe na kiti cha kudumu. Mkataba wa Okanagan, uliotungwa Kanada mwaka 2015 na wajumbe kutoka nchi 45, unavitaka vyuo kuingiza afya katika utawala, uendeshaji na ufundishaji wake wote. Ni maneno mazuri, na yanaweza kuwekwa fremu yakasahaulika. Nikitafsiri kwa mazingira ya Mlimani, Dodoma, Maseno au Makerere, naona yanamaanisha kwamba mkuu wa manunuzi, msajili, mhandisi wa maji na afisa mikopo wote wawe na kitu cha kujibu mbele ya kamati ya afya. Siku hizi anayejibu ni daktari wa zahanati peke yake, kwa mambo ambayo hakuyasababisha.

Tulishaona kwamba inawezekana. Juni 1, 2020, vyuo vya Tanzania vilipofunguliwa tena baada ya kufungwa Machi kwa sababu ya korona, ndoo za maji tiririka na sabuni ziliwekwa milangoni kwa siku chache tu, na wanafunzi walishiriki kuzisimamia. Fedha ilipatikana, zabuni haikuchelewa, maagizo yalifika kila jengo. Katika vyuo vingi ndoo zile zilikauka hofu ilipopungua, ingawa kuhara na homa ya matumbo vilikuwepo kabla ya korona na vipo mpaka leo.

Linabaki jambo ambalo hata kamati bora itakwama nalo: wanafunzi wengi hawalali chuoni. Wako mageto ya Changanyikeni, Msewe na Makongo, na kwa wenzetu wa Kenya wako mitaa kama Kahawa Wendani, pembeni ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vyuo vingi vidogo vya mjini havina bweni hata moja. Choo cha geto, kisima chake, njia ya giza kati yake na maktaba, na mwenye nyumba anayepandisha kodi mwezi wa bumu, vyote viko nje ya geti na nje ya mamlaka ya chuo. Serikali ya wanafunzi ina mwakilishi (CR) katika kila darasa. Inaweza ndani ya muhula mmoja kutengeneza orodha ya nyumba zinazokaa wanafunzi, ikionyesha choo, maji na usalama wa kila moja. Utawala una barua yenye mhuri, ambayo mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa afya wa kata hawawezi kuipuuza. Mkutano wa kwanza wa pande hizo tatu uitishwe Septemba, kabla mikataba ya vyumba haijasainiwa.